Rapport ya Pili juu ya Volant

Kolwezi, tarehe 9 ya mwezi wa kumi na moja

Kwako yaya Fidélie, dada yangu mukubwa, kule Musumba,

Pokea salamu za mudogo wako Zéphirin, na za mama Louise bibi yangu, na za batoto bote ba hapa nyumbani. Habari ya magoti? Mara ya mwisho ulisema lile la kushoto linakuuma kila mvua ikikaribia, na mvua sasa imefika, basi ninaogopa unashinda kitandani. Na mihogo ya ng'ambo ya muto, nguruwe za jirani ziliiacha? Sisi hapa tuko, Mungu anatulinda. Umeme unakuja na kukatika, hata kama mashini ya umeme ya Nzilo ni hapa karibu, lakini chakula hatukosi.

Usinikasirikie juu ya maandiko yangu. Utaona mistari inapanda na kushuka, na mahali pengine kalamu ilipasua karatasi. Sikulewa, na si mutoto njo anaandika. Ni mi mwenyewe. Nitakueleza sababu, lakini uniache nifike pale polepole, kwani nikianza na mwisho nitaweka kalamu chini na sitaishika tena.

Yaya, ulimutuma tata Mwenze achukue Chancelle ndani ya kamyo yake, amurudishe Musumba akulimie mihogo. Ulisema mutoto wako alipewa nafasi yenye bengine banaililia, akaichezea, na sasa unasikia haya mbele ya bamama ba kanisa. Tata Mwenze alinieleza maneno yako pale mulangoni, kofia mukononi, na mutu mupole kama ule hakupenda kuyasema. Chancelle alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote. Alienda kufunga bitu byake na mukono mumoja. Kwa hiyo ninaandika leo.

Unajua kama tangu niliacha kuendesha kamyo kubwa za carrière, kule banachimba mawe ya shaba, ninafundisha kwa centre moja ya bashofere hapa Kolwezi. Pale mutu hapewi kamyo ya kweli siku ya kwanza. Anakaa kwanza kwa kiti mbele ya ekran tatu kama za televizio, anashika usukani, ile volant, na mashini ya ordinateur inamuonyesha carrière yote: njia yenye kushuka, matope, vumbi, kamyo ingine inakuja mbele. Chancelle aliingia mwezi wa tano, mi njo nilimuombea. Banamuke balikuwa babili tu. Na simusifu kwa sababu ni mwipwa wangu, kati ya bote yeye alikuwa na jicho zuri kupita bengine.

Volant yetu ya kwanza ilikuwa kitu cha kuchezea. Ndani mulikuwa mikaba ya mupira yenye kuivuta, na ilichelewa kila mara. Ulikuwa umeisha kuanguka njo inakuambia unaanguka. Mwezi wa nane mukubwa wetu, mama Huguette, alileta ingine. Ni aina yenye batu ba Ulaya banafunga nyumbani kwabo kwa kushindana mbio za gari ndani ya ordinateur, na haiko ya masikini. Haina mukaba, haina meno. Volant inafungwa moja kwa moja kwa chuma cha mota yenyewe. Mota ni jiwe jeusi la chuma, zito kama batri ya kamyo. Nguvu yake inahesabiwa kufika ishirini na tano. Ukitaka kujua ile ni nini, wazia mutu ametundika ndoo ya maji yenye kujaa pembeni ya volant, kiisha anaiachilia bila kukuambia.

Mama Huguette aliniita mbele ya balimu bote. Alisema tata Zéphirin ameendesha miaka makumi tatu, hakuna mutu hapa anajua volant kama yeye, basi aipime juma mbili na aandike rapport. Akisema ndiyo, tutaagiza zingine sita. Yaya, nilisikia kifua kinapanuka. Mutu wa umri wangu haitwi mara nyingi mbele ya bengine kwa kusifiwa.

Siku ya kwanza ile mota ilitingisha meza ya mbao mupaka ikapasuka. Mukalay, soudeur wetu, alichomelea kiti na miguu ya chuma, akaifunga ndani ya simenti. Kiisha nilianza kupima kwa kweli. Volant nzuri inapashwa kukupa habari za njia: changarawe ndogo chini ya gurudumu, uzito wa mawe wakati unashuka, na zaidi ya yote ule muda mufupi gurudumu linaanza kuteleza na macho hayajaona bado. Niliandika kila kitu ndani ya daftari. Nilipima na moto wa mota kisha saa tatu za kazi, nikaweka ncha za bidole juu yake, nikaandika kama haipati moto. Mukalay naye aliweka kidole, akakirudisha mbio, akasema ile ni kikaango. Nilimucheka sana. Nilimuuliza soudeur gani anaogopa moto.

Kitabu chenye kilikuja na mashini kilisema mutu aanze na nguvu nane. Nilikaa na nane, nikasema hii mashini ni bubu. Nikaweka kumi na mbili, bubu. Nikapanda, nikapanda, na kufika ishirini na mbili njo nilianza kusikia njia inanigonga kwa mabega. Niliandika kwa herufi kubwa: chini ya ishirini na mbili volant hii imelala, musishushe. Mama Huguette alisoma na akanishukuru. Hakuna mwenye alibishana. Nani atabishana na mwenye kuendesha miaka makumi tatu?

Sasa unikumbushe kidole gumba cha baba. Ulikuwa mukubwa kunipita, uliona siku balimurudisha nyumbani, mi nilikuwa mugongoni kwako. Zile kamyo za zamani hazikuwa na musaada kwa volant, gurudumu likigonga jiwe volant inajizungusha yenyewe, na baba alikuwa amepitisha gumba ndani. Halikukunjika tena mupaka kufa kwake. Wakati alinifundisha njia ya Kapanga, alinipiga bidole na kijiti kila mara aliona gumba langu limeingia ndani. Kamyo za leo hazirudishi kipigo, volant yao ni laini, basi banafunzi bangu banashika namna banataka na miaka mingi sikusema kitu. Na mi mutoto wa baba, niliwasha mota ya nguvu ishirini na mbili na sikumuambia mutoto wako aweke gumba inje. Neno moja tu, yaya. Sikulisema.

Ilikuwa siku ya ine ya juma, saa ine ya asubuhi, zamu ya Chancelle. Kazi ilikuwa kushuka njia ya carrière na mvua. Mi nilikaa pembeni, na mbele yangu, kwa meza ndogo ya mwalimu, bouton nyekundu yenye kukata nguvu ya mota. Mwalimu anaweka kidole pale wakati wote. Alishuka muzuri. Kwa kona ya tatu kamyo iliteleza, ikaenda kugonga tuta la udongo, na volant ilizunguka mara moja kama ile ya baba. Nilisikia mufupa. Ekran ilikuwa inaonyesha matope tu, na mutoto alikuwa anaangalia mukono wake wa kuume kama ni wa mutu mungine.

Gumba lilivunjika, na mufupa mumoja wa kiwiko cha mukono. Usilie. Muganga alisema inaungana muzuri, juma tatu zimepita, zinabakia tatu, na bidole byote binatembea.

Kesho yake mama Huguette aliniomba rapport ya ile ajali. Niliandika kama mashini ni nzuri, mwanafunzi alishika mubaya, hakufuata mafundisho. Nikatia sahihi. Na Chancelle naye, kitandani hospitalini, alimuambia mama Huguette kama ni kweli, ni kosa lake. Kwa ile karatasi balimutosha, balifuta jina lake kwa liste ya banafunzi, karibu na mutihani. Maneno yenye yalikufikia Musumba, kama mutoto wako anachezea kazi, yalitoka kwa kalamu yangu mi mujomba wake.

Sasa nimefika pale nilikuwa naogopa.

Yaya, bidole byangu bilikufa. Ni kutingishwa na kamyo miaka mingi, si uchawi, usiende kuuliza mutu. Bilianza kugeuka byeupe na kulala, zamani kidogo, asubuhi tu. Leo sisikii kitu tangu ncha mupaka kiungo cha pili. Nilificha, kwani mwalimu wa volant bila bidole ni nini? Louise anaona bikombe binaanguka, anasema ni uzee. Chancelle peke yake njo anajua, tangu mwezi wake wa kwanza hapa kwetu. Niliinua kifuniko cha nyungu kwa mbabula ya makaa na mukono mutupu, nikabakia nakishika na kuendelea na hadithi yangu, mupaka yeye akasikia harufu ya ngozi. Alinitosha kile kifuniko mukononi, akatia mukono wangu ndani ya maji, na hakumuambia mutu. Tangu ile siku njo ananifunga bifungo bya shati.

Basi elewa. Volant haikuwa bubu. Na ile bouton nyekundu, niliona kamyo inateleza, nilifinya. Nilijua hakika kama nilifinya. Macho yangu yalikuwa kwa ekran, na wakati niliangalia chini, kidole changu kilikuwa kinafinya mbao ya meza, pembeni ya bouton. Chancelle alikuwa amegeuza kichwa kunitafuta. Aliona kidole changu pale kilikuwa. Kiisha akaenda kusema ni kosa lake, ili mi nibakie na kazi. Na mi nilimuacha aseme. Nilimuacha juma mbili na nusu, ninakula naye meza moja. Ninasikia haya yenye sijapata kusikia tangu kuzaliwa.

Siku ya kwanza ya juma hili nilimupelekea mama Huguette rapport ya pili, yenye kuandikwa na mukono huu. Alisoma mara mbili. Akaniomba nifunge macho, akaniwekea bitu kwa ncha za bidole, kimoja kimoja: ufunguo, kipande cha chaki, kifuniko cha kalamu. Sikujua hata kimoja. Kiisha alikaa mwenyewe kwa kiti, akashusha nguvu mupaka nane, akaendesha mita chache, na akasema anasikia kila changarawe. Hakunifokea. Afazali angenifokea.

Chancelle amerudishwa kwa liste. Atafanya mutihani mwezi wa kwanza, mufupa ukiisha kuungana, na volant kwa nane. Mi nilirudisha badge yangu ya kazi. Sijui nitafanya nini, na ninaogopa, siwezi kukudanganya na ile tena.

Unakumbuka zile barua zangu za mwaka huu, zenye ulimuonyesha bibi ya pasta, ukasema Zéphirin amejifunza kuandika muzuri na uzee? Zilikuwa za Chancelle. Mi nilisema, yeye aliandika. Leo mukono wake umefungwa ndani ya plâtre ya muganga kwa sababu yangu, njo maana umepata maandiko haya.

Kama ni hasira, uilete kwangu. Tata Mwenze anaondoka kesho asubuhi. Anakubebea sukari, kitenge kutoka kwa Louise, na hii barua. Mutoto hamubebi, na ninakuomba usinitumie kamyo ingine kwa kumutafuta. Salimia batoto ba yaya Mwamba, na bote benye bananiulizia. Ukisali, unitaje.

Ni mi mudogo wako mwenye kukukosea,

Zéphirin

Nilisahau kukuambia: Chancelle yuko hapa, anashikilia karatasi na mukono wake wa kushoto, kwani mi siwezi kusikia kama inateleza. Anasoma kila neno wakati ninaliandika. Kufika pale pa bouton aligeuza uso kwa dirisha, lakini mukono hakuutosha kwa karatasi.