Kura ya Baba

Jumapili, 3 Agosti

Kaka kaja na kofia ya NDIYO kichwani. Kamsomea Baba katiba mpya, ile tutakayoipigia kura Jumapili ijayo, kwa sauti ya mkutano wa hadhara! Kikafika kifungu cha urithi — mtoto wa kike na wa kiume, sawa. Baba akaguna. Hapana yake iko hapo hapo. Eti binti akirithi, nyumba inahamia kwa wakwe. Nikamuuliza, wakwe gani, Baba? Mimi nimeachika zamani. Akaomba maji.

Jumatano, 6 Agosti

Kazini mashuka yamerundikana hadi mlangoni — mashine mbovu tena. Hospitali nzima inatulalamikia sisi wa kufua. Msimamizi wetu ni Hapana: rais atapewa madaraka kupita kiasi, na hiyo habari ya urithi itatugombanisha na ndugu zetu. Mwenzangu wa pasi ni Ndiyo. Akamwuliza, kwani sasa hivi tunapatana? Kicheko! Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikaenda chooni, nikalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimembana Kaka getini. Kama ni sawa kwa sawa, basi nyumba hii ni yetu wote? Akanipigapiga begani. Eti dada yangu, ile ni katiba ya nchi, haya ni mambo ya nyumbani. Na kofia yake kichwani! Anayemfulia Baba ni mimi. Anayempeleka kliniki ni mimi. Afadhali Baba. Yeye angalau ananiambia usoni.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya kura. Macho ya Baba hayasomi tena. Kaka akajitolea kumsaidia, Baba akakataa katakata — nitakwenda na binti yangu. Foleni ndefu, jua kali. Karani akaniruhusu niingie naye kibandani. Baba akanishika kiwiko. "Weka Hapana, mama." Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. Kalamu ninayo mimi. Nani angejua?

Nikaweka Hapana.

Kisha nikapiga yangu. Ndiyo. Tumefutana, mimi na baba yangu.

Njiani akasema Kaka angemwekea anayoitaka yeye. Wewe huwezi kunifanyia hivyo, akasema. Nikashindwa kumtazama. Ananiamini kwa kura, kwa nyumba haniamini.

Jumatatu, 11 Agosti

Redio inasema Ndiyo inaongoza. Kaka kapiga simu, anashangilia. Baba hakutaka kuongea naye. Nimemkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kavaa viatu, kama mtu anayesubiri gari. Akaniuliza polepole: "Sasa, mama, chumba hiki mtaniachia?"

Nikadhani utani wake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baba! Kumbe siku zote hizi alikuwa anaogopa tutagawana nyumba na kumtoa?

Nimepiga magoti, nimemwambia haendi popote. Nimemvua kiatu kimoja. Cha pili kakataa. Bado kakaa vile vile, kiatu kimoja mguuni.