Bhoke Marwa Wawili kwenye Skrini Moja

Nyamongo,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Ghati,

Najua ukifika hapa umeshasema shikamoo kaka kimoyomoyo, kwa hiyo marahaba. Magoti yanasemaje tangu baridi ianze? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na tembo, wamewaacha mkavuna, au bado mnakesha mkipiga madebe? Mimi mzima. Macho yananisumbua kidogo, lakini kifua kimetulia tangu nihamie chumba kilicho mbali na vumbi la barabara.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka spika, na kila aliye uani anasikia. Habari hii nataka uisome peke yako kwanza. Inamhusu mwanao Bhoke. Yu hai, anatembea, anakula. Nalisema mapema ili usisome kwa haraka. Lakini ameumia mkono, na mimi nilikuambia anaendelea vizuri wakati amelala na maumivu. Nitakueleza hatua kwa hatua, maana ukielewa nusu utamlaumu asiyestahili.

Unajua kampuni yetu inakodisha makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mteja anaanza kwa kukodi. Akilipa kila wiki bila kukosa, malipo yanahesabiwa kama sehemu ya bei, mpaka siku moja mashine inakuwa yake. Hilo ndilo lililomleta Bhoke huku.

Zamani niliandika mambo haya kwenye madaftari. Bosi wetu, binti wa Mwanza aliyesoma sana, akatuletea kitu kinachoitwa dashibodi. Usifikirie gari, ingawa kazi ni ileile. Dereva hafungui boneti kujua kama mafuta yanakwisha au injini imechemka; anatazama mbele yake. Nami nikifungua skrini asubuhi naona kampuni nzima: kilichoingia jana, kilichotoka kwa dizeli na vipuri, na chini yake wateja, kila mmoja na mstari wake. Anayesonga mbele ni kijani. Anayesuasua ni njano. Aliyesimama ni mwekundu, na akiwa mwekundu wiki tatu mfululizo, mashine inarudishwa. Bosi akiwa Mwanza anaona hayohayo kwenye simu yake.

Nilikipenda kitu hiki, Ghati. Nilijisifu nacho. Wateja wakija niliwaambia, "Nikikaa hapa nawaona wote." Bhoke alikuwepo siku moja niliposema hivyo, akacheka, akasema, "Basi mjomba, sitakuwa na haja ya kuja kukusalimia."

Sasa sikiliza kosa langu. Vijana wanaozunguka kusoma mita za makarasha ndio wanaoandikisha wateja. Siku moja nikakuta Bhoke Marwa mara mbili, namba ya simu ileile. Nikaona ni uzembe, mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Dashibodi ina sehemu ya kuunganisha majina yaliyojirudia, nikaunganisha. Mimi, Mkurya, niliyefundisha darasa lenye akina Bhoke wanne na Marwa kwenye kila dawati, sikujiuliza. Ile namba ilikuwa ya mwenye duka anayewapokelea pesa wanawake wa upande ule ambao hawana simu nzima.

Baada ya kuunganisha, mstari ukaonyesha mashine mbili na rangi ya kijani kibichi. Nikafurahi, nikakupigia: Bhoke ameongeza mashine. Ukatoa shukrani kanisani. Jumapili zikapita hajaja, nikasema ana kazi nyingi, mashine mbili si mchezo. Ulipouliza, "Bhoke anaendeleaje?" nilitazama skrini kabla ya kukujibu. Kutoka ofisini hadi anapofanyia kazi ni robo saa kwa bodaboda. Sikwenda.

Jumanne akaingia ofisini mama mmoja mnene, mwenye sauti, ana karatasi ya deni la dizeli la mwezi mzima mkononi.

"Mwalimu, hii karasha ya pili mmenipa lini? Ndotoni?"

Nikamuuliza jina.

"Bhoke Marwa. Wa Tarime, kama kuna wengine."

"Nawe unasaga wapi?"

"Karibu na yule mtoto wenu aliyekatwa vidole. Hata pole hamjaenda kumpa. Nilidhani mnajua, si mna televisheni yenu hiyo?"

Nikafanya nililopaswa kufanya, mdogo wangu, nikayatenganisha majina. Nitakuambia ukweli: mkono wangu ulisita. Nilijua nikiyatenganisha, Bhoke wetu atabaki na wiki tatu tupu, naye atapoteza mashine. Nikiyaacha, huyu mama ataendelea kumfunika kwa malipo yake bila kujua, na kulipia dizeli isiyo yake. Alikuwa amesimama mbele yangu anajipepea na ile karatasi. Nikabonyeza. Mstari wa mtoto wako ukawa mwekundu papo hapo.

Simu ikalia hata kabla sijafunga ofisi.

"Mwalimu, huyu mwekundu ametoka wapi? Asubuhi hakuwepo."

Nikamweleza bosi yote, na kwamba ni mpwa wangu, na kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Pole sana. Lakini nikisamehe kwa sababu ya undugu, kesho kila mwenye karasha atakuwa na mjomba ofisini. Mashine ikifanya kazi inabaki. Ikisimama inarudi."

Nikachukua bodaboda. Nilimkuta Bhoke amekaa mlangoni kwenye kile chumba cha mabati, mkono wa kushoto umefungwa. Mkanda wa karasha ulimshika alipokuwa akiurudisha, ukaenda na kidole kidogo na kile kinachokifuata. Zahanati walimshona vizuri na kidonda kimeanza kukauka. Nilimuuliza kwa nini hakutuma hata mtu.

"Nitume nini, mjomba? Ulisema unatuona. Wiki ya kwanza nikasema leo atakuja, ameona nimesimama. Ya pili pia. Baadaye nikasema, basi, ameona na ameona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kunileta huku."

Nikamwomba anisamehe. Akaniambia nikae, nisisimame juani kama mdai.

Yule Bhoke wa Tarime alikuwa ameshafika, anakoroga uji. Akasema, "Mwalimu, mmetuunganisha bure kwenye ile televisheni yenu. Acha sasa tuungane kwa kazi. Nina wadogo zangu wawili wenye nguvu. Tutasaga kwa karasha yake, yeye asimamie na ahesabu magunia, tugawane nusu kwa nusu mpaka mkono upone." Bhoke akasema hataki kubebwa. Mama akamjibu, "Nani anakubeba? Ulivyo mwepesi, hata sufuria hii ya uji inakuzidi uzito." Bosi amekubali hadi mwisho wa mwezi. Karasha imeanza kusaga tangu Alhamisi.

Nilimwomba bosi tuongeze kitu kwenye dashibodi: kila mstari ukibadilika rangi, mwekundu au kijani, mtu aende akamwone mteja na aandike alichokikuta. Ameniuliza nani ataenda. Nimesema mimi.

Sasa, Ghati, ombi langu. Shemeji Marwa akisikia kwanza habari ya vidole, atatuma kaka zake Bhoke waje kumchukua, na hawatamuuliza kitu. Mtoto hataki kurudi. Ananiambia mashine imebakiza sehemu ndogo kuwa yake, na akiondoka sasa atakuwa amepoteza vidole na mashine pia. Kwa upande mwingine, wewe ni mama yake, na huenda ukimwona utaona ambalo sisi hatulioni. Kwa hiyo sikuambii mwache wala mchukue. Maneno yangu juu yake yameshakudanganya mara moja. Nimempa aliyekuletea barua hii nauli yako ya kuja na kurudi. Njoo umwone mwenyewe, ulale naye hata siku mbili, kisha wewe ndiye umwambie baba yake.

Mfikishie salamu shemeji yangu Mzee Marwa, lakini salamu tu. Msalimie dada yetu mkubwa Wankuru, umwambie miwani yake nimeipata. Wasalimie kaka zake Bhoke, na mama mkwe wako, na mwinjilisti aliyetusomea zile shukrani. Hayo ya kanisani nitakuja kuyasahihisha mwenyewe.

Leo mchana nimekula kwa Bhoke. Alikula ugali akaongeza, bandeji ilikuwa safi, na alinicheka nilipoungua na mchuzi. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Kaka yako,
Mwita