Mkono wa Samiha na Sahani ya Mahamri

Mpendwa Bi Hanan, shikamoo.

Kabla sijakuomba msaada nataka ujue barua hii imetoka kwa nani, maana si kila siku gazeti lenu linaandikiwa na mtu mkubwa: mimi ndiye fundi wa stima ambaye kuanzia Bombolulu hadi Mtopanga hakuna bibi harusi aliyeolewa bila mimi, na nikisema bila mimi simaanishi nimewaoa, ingawa wako ambao wangekubali. Niko kwenye ukumbi wa umma, jina lake nalihifadhi, huu mwaka wa tatu, mataa yangu, feni zangu, soketi zangu, leo harusi, kesho baraza la chifu, keshokutwa zawadi za madrasa, na katika muda wote huo stima haijazimika kwenye shughuli zaidi ya dakika moja, uliza yeyote. Shule niliachia kidato cha pili, si kwa ujinga, ni kwamba mwalimu wa fizikia alichoka kusahihishwa.

Sasa naomba unisaidie na usinicheke. Wewe ni mtu wa hapa, mambo ya kupamba wayajua: bibi harusi anatolewa mbele ya wanawake wenzake, mabuibui yamevuliwa, nywele nje, dhahabu nje, na mwanamume hakanyagi humo hata awe amekuja kuzima moto. Kwa hiyo fundi hukaa nje barazani kando ya sanduku la swichi, nasikia kila kitu na sioni kitu, na ndani kikiharibika kitu naelezwa dirishani nyuma ya pazia. Siku hiyo, miezi minne imepita, ilikuwa baada ya alasiri, mlangoni kaketi Bi Tumu, shangazi yake bibi harusi, mwanamke mwenye mwili kama mlango wenyewe, na jukwaani walikuwa wameleta tao la chuma la kukodi, limezungushiwa maua na vitaa vya kumetameta, ili bibi harusi akae chini yake.

Vitaa vikawashwa, stima ikakatika ukumbi mzima. Nikarudisha, ikakatika. Kuna swichi ya usalama, Bi Hanan, nakueleza polepole maana wewe ulisomea mapenzi hukusomea stima, ni ile inayojikata yenyewe stima ikivuja mahali isipotakiwa, na mimi nikajua papo hapo ni lile tao. Ilipokatika mara ya tatu wanawake wakaanza. "Fundi, stima yako ina kwikwi!" "Mpeni maji anywe!" Mwingine akasema, "Huyu si ndiye aliyetujazia majigambo kwenye harusi ya Sumeya?" Wakacheka wote, na mimi huku nje natokwa jasho kama nimemwagiwa. Nikamwambia Bi Tumu, "Shangazi, nipe robo saa, wajifunike niingie nilitazame tao." Akaniangalia toka kichwani hadi viatuni, akasema, "Wanawake mia tatu wavae mabuibui kwa ajili yako wewe? Bibi harusi yuatoka sasa hivi. Hupiti hapa, baba, hata uje na mabawa. Kama kazi huijui sema, tumwite anayeijua."

Kama kazi huijui! Mimi! Nikarudi kwenye sanduku langu, nikashika hiki nikashika kile, na stima ikatulia. Vigelegele vilivyopigwa, Bi Hanan, ungedhani mimi ndiye bwana harusi.

Basi humo ndani alikuwemo msichana, Samiha, mchora piko, ile rangi nyeusi ya maharusi. Ndiye aliyemchora bibi harusi mikono na miguu, na mkono wa msichana huyo, wanawake walikuwa wanavuka feri toka Likoni kuufuata, anachora jani mpaka unataka kulipeperusha. Alipanda jukwaani kufuta doa kwenye kidole cha bibi harusi, ana kitambaa kibichi mkononi, akateleza kidogo, akashika tao. Nikasikia yowe. Mimi yowe na kigelegele nimevisikia vyote vya kutosha, sichanganyi. Nikazima swichi kubwa, ndipo chuma kikamwachia, akaanguka.

Hakufa, alhamdulillahi. Lakini kiganja cha kulia kiliungua, na vidole viwili mpaka leo havishiki kitu, chai anakoroga kwa kushoto. Wakuu wa ukumbi waliponiuliza nikasema nilionya dirishani kwamba mtu asishike chuma na mkono mbichi, sema kelele zilizidi. Wakaniamini, nina ulimi. Na Samiha mwenyewe akaniamini, na hilo ndilo linalonimaliza, maana wiki iliyopita alikuja ukumbini na mamake, mkono ameufunika kwa mtandio, ameniletea sahani ya mahamri, akasema, "Kaka Talha, unisamehe. Wewe ulionya, mimi sikusikia, nikakutia doa kwenye kazi yako." Mamake akadakia, "Huyu toka mdogo hana uangalifu." Nikala hamri moja mbele yao kwa adabu, na toka siku hiyo sioni ladha ya chakula, sahani yao bado ninayo, kila nikiiona naigeuza uso chini.

Basi swali langu ni hili. Nimeamua nimpose. Sina mke, kazi ninayo, sura unaweza kuwauliza wale wa Mtopanga, na mchora piko asiye na mkono nani mwingine atamchukua? Mama yangu amefurahi, ashaanza kupanga watu wa kwenda. Je, nipose sasa au ningoje vidole vipate nguvu?

Nilikuwa nimeshasaini hapo, Bi Hanan, nikabandika na bahasha. Nimeifungua tena.

Stima haikutulia. Niliituliza mimi. Nilikata vipande viwili vya waya, kila kimoja urefu wa kidole, nikaipitisha stima pembeni mwa swichi ya usalama ili isiweze kujikata tena, na nilijua tao linavuja, sikubahatisha, nilijua. Watu walipokuwa wamemzunguka Samiha nikavichomoa vile vipande nikatia mfukoni. Viko kwenye sanduku langu la vyombo mpaka leo, kuvitumia siwezi na kuvitupa siwezi. Na sikumwonya mtu yeyote. Wakati anashika lile tao mimi nilikuwa dirishani, nawauliza kama sasa wameniamini.

Talha, Kisauni
(Majina yote tumeyabadilisha.)

BI HANAN ANAJIBU

Marahaba, Talha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, sikufichi. Mara ya pili nilianza mwishoni.

Nianze na Bi Tumu, maana wako wengi kama yeye na wanasoma gazeti hili. Mama zangu, nimekaa kwenye kupamba nikimngoja bibi harusi saa nzima, natafuna kashata. Robo saa ya kuvaa mabuibui fundi aingie ingetushinda nini? Bi Tumu alikosea. Lakini yeye hakujua, wewe ulijua, kwa hiyo usije ukamtanguliza mbele yako.

Kuposa: hapana. Mzuie mama yako leo, kabla hajaazima mkeka. Wewe humtafuti mke, unatafuta mahali pa kuificha siri, umeona nyumba yake inafaa. Utamwoa, na kila asubuhi akushukuru kwa kumchukua na mkono ule, na wewe utaitikia nini? "Karibu"? Na hilo swali la nani atamchukua usilirudie mbele ya mtu. Hukuombwa umtafutie mume. Umeharibu mkono, zungumza habari ya mkono.

Sasa nisikilize. Tao liko wapi? Umeniandikia kurasa nne, jasho lako limo, sura yako imo, na hukuniambia tao liko wapi. Ni la kukodi. Jumamosi hii laweza kuwa juu ya kichwa cha bibi harusi mwingine. Leo hii, kabla ya kula, mtafute mwenye tao, mwambie linavuja, na usiondoke mpaka vile vitaa vimetolewa mbele ya macho yako.

Kisha nenda kwa wakuu wa ukumbi, uwaandikie uliyoniandikia mimi, bila ile sehemu ya maharusi. Waombe fundi mwingine mwenye leseni akague swichi zote kabla ya shughuli yoyote. Nasema zote, kwa sababu umejisifu kwamba miaka hii stima haijazimika zaidi ya dakika moja, na mimi ambaye sikusomea stima nimejiuliza siri ya hiyo dakika moja ni nini, na kama vile vipande ulivikata siku ile au ulikuwa navyo tayari. Usinijibu mimi. Wajibu wao. Kazi huenda ukaipoteza, na huenda ukaitwa kituoni. Nenda.

Baada ya hapo, kwa Samiha. Chukua mtu mzima wa kwenu, usijifiche nyuma ya mama yako. Hakikisha mamake Samiha yupo, maana yeye ndiye aliyesema mtoto wake hana uangalifu, na msichana yule amelala na lawama hiyo miezi minne. Ifute wewe, kwa mdomo wako, huku mama anasikia. Halafu uliza hospitali wanamwambia nini kuhusu vidole vile, na siku za kupelekwa mazoezi ni zipi, na wewe ndiwe utakayempeleka mpaka daktari aseme basi. Akikataa kupelekwa na wewe, yuna haki. Akikufukuza, yuna haki. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, ameshakuomba msamaha yeye, inatosha kwa sasa.

Usiende na zawadi. Peleka sahani yao. Kwetu sahani ya watu hatuirudishi tupu, na wewe una cha kutia: vile vipande viwili vya waya. Viweke hapo, mbele ya yule mama, kisha ndipo ufungue huo mdomo wako.