Ukikasirika, Piga

Tabitha rafiki yangu,

Najua ungeshangaa kuona nimekaa chini kukuandikia barua, mimi ambaye hata kadi za harusi nilikuwa nakuachia uandike. Lakini kuna mambo ya grupu yetu ya mboga, ile ya kwenye simu, ambayo sina mwingine wa kumwambia, na mengine yanakuhusu wewe mwenyewe.

Kwanza habari za nyumbani. Binti yako bado anamwagilia yale magunia yako ya sukuma nyuma ya nyumba, hapo Bondeni. Anayamwagilia mno, lakini sijamwambia kitu. Terere, ule mchicha wako, imeota hadi kwenye ile ndoo iliyopasuka. Mimi mzima. Goti ni lile lile.

Grupu imekua. Ulipotuacha tulikuwa bado watu wa kujuana: majirani, wale wa sokoni, na yule dada wa Milimani aliyepanda spinachi kwenye bafu kuukuu. Siku hizi tuna watu wa Njoro, Molo, Bahati, hata Gilgil, na wengi wao sijawahi kuwaona. Wapo wa kutuma maombi alfajiri, wapo wa kuuza sufuria. Hao nawamudu. Nawaambia, "Boss, hapa ni mboga tu," wanaomba radhi, tunaendelea.

Sheria yako nimeiacha pale juu, ile ile moja: "Ukifurahi, andika. Ukikasirika, piga." Kila mgeni bado anauliza ampige nani. Unamkumbuka yule wa kwanza kuuliza? Ulicheka hadi chai ikakutoka puani. Ukaongeza neno "simu", kisha kesho yake ukalifuta, ukasema mtu akiuliza ndiyo ameshaanza kuongea na wenzake.

Sasa sikiza. Juzi juzi mtu wa Molo anayeitwa Kiprono, mgeni kabisa, aliandika asubuhi: "Hii madoadoa imetuzidi huku. Tuimalize aje kabla ya mvua?" Basi. Hakuna picha, hakuna salamu, hakuna neno nyanya.

Wewe unajua, na kila mtu wa umri wetu hapa Rift Valley anajua, kwamba hilo si neno la ugonjwa wa majani peke yake. Ndilo jina walilopewa watu walioambiwa si wa hapa, zile nyakati za fujo za uchaguzi. Waliosema madoadoa yaondolewe hawakuwa wakifikiria shamba. Na Mama Ciru alikuwa akiishi Molo wakati huo. Ulimpokea wewe, nyumba yake ikiwa imechomwa, akiwa na watoto na sufuria moja tu, ukampa chumba chako cha nyuma. Mbegu zake za kunde ndizo tulizoanza kugawana, grupu ikazaliwa.

Mama Ciru akatoka kwenye grupu.

Wengine sasa wakaanza. "Mtoe!" "Admin uko wapi?" "Kumbe hata kwa mboga mmejaa?" Mmoja akajibu matusi kwa matusi, na baada ya hapo kila mtu akawa anaandika kwa lugha ya kwao. Ulikuwa ukisema mtu akifanya hivyo katikati ya ugomvi, ujue anawaita ndugu zake. Waliitika, Tabitha. Niliogopa. Hii ni grupu ya mboga, lakini mambo haya hayajawahi kuanzia mahali pakubwa.

Kidole changu kilikuwa juu ya jina la Kiprono. Kumtoa ni kubonyeza tu, na nilitaka kumtoa. Mama Ciru ni wetu, huyu ni nani? Halafu macho yakaenda kwenye sheria yako. Nikasema, ah, huyu mwanamke hata akiwa kaburini hanipi nafasi. Nikapiga.

Alipokea akihema, yuko shambani. "Mathe, kwani nimesema nini? Ni nyanya! Majani imeshikwa yote. Picha imekataa kwenda, bundles zimeisha." Nikamweleza neno lake limefika wapi, na limemfikia nani. Nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake. Mwishowe akasema, "Haki hilo neno nalijua. Nilikuwa mdogo lakini nalijua. Leo nilikuwa naona nyanya tu." Hasira niliyokuwa nayo ikakosa pa kukaa.

Nilimwomba Mama Ciru ruhusa nimpe namba yake. Akanijibu, "Mpe, lakini sijasema nitapokea." Kiprono akapiga, akakatiwa. Akapiga tena, akakatiwa. Jioni akapokelewa.

Yote waliyosema siyajui. Mama Ciru aliniambia kidogo: aliombwa radhi, akauliza huyo kijana anakaa upande gani wa Molo, na kumbe ni ng'ambo ya kijito, karibu na lilipokuwa boma lake. Akamuuliza kama mti wake wa plamu bado upo. Upo, watoto wanaukwea. Mama Ciru alilia. Sikumuuliza ni kilio cha namna gani.

Jumapili baada ya kanisa Mama Ciru aliniambia nimrudishe yeye kwenye grupu. Hakuandika, alituma sauti: "Kiprono, toa hayo majani ya chini yote uchome. Usimwage maji juu, mwagia shina. Na hiyo kitu kwetu hapa tunaiita kuvu." Basi siku hizi hata kiwavi akila jani, watu wanaandika kuvu. Waliotoka siku ile, wengine hawajarudi. Nimewapigia mmoja mmoja, na bado naendelea.

Sasa langu. Nimekukasirikia, Tabitha. Ulijua presha iko juu, ukaziacha dawa kwenye droo, ukasema utaenda kliniki kazi ya mboga ikipungua. Lini kazi ya mboga ilipungua? Umeniachia watu wote hawa na mimi ndiyo sina wa kuniambia nipige. Juzi nikafuata sheria yako. Nikakupigia. Yule dada wa kwenye simu akasema hupatikani kwa sasa. Kwa sasa! Nikamuuliza, basi atapatikana lini, nikalia pale jikoni hadi ugali ukaungua.

Ndiyo maana nimeandika nikiwa na hasira. Nimevunja sheria yako, na hakuna wa kunipigia anigombeze.

Lala salama, rafiki yangu. Namba yako sitaitoa kwenye grupu. Binti yako anasema laini ikikaa sana bila kutumika hupewa mtu mwingine. Sawa. Nitaendelea kukupigia, na siku nitakayopokelewa na mtu nisiyemjua, sitakata. Nitamsalimia, nimuulize kama anapanda mboga.

Wako,
Nafula