Stendi ya Rehema

Jumatatu, 3 Julai 1995
Vitumbua vimebaki sita. Mwanangu Rehema kaja mbio kutoka studio ya picha. Bosi wake kamtuma Jumamosi akapige picha ndani ya pango, huko juu milimani. Zikitoka, atakuwa mpiga picha. Zisipotoka, anarudi kufagia na kusafisha picha za wenzake. Nimefurahi. Nimeogopa. Pango lile wazee hawaingii bila kupiga hodi kwa mizimu.

Jumanne, 4 Julai
Tumeenda mjini kuchagua stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Pangoni giza, kamera inakodoa muda mrefu, ikitikisika kidogo picha imekufa. Siku hizi madukani kila kitu kipo, mpaka kichwa kinauma. Moja ya chuma, nzito. Moja nyepesi, inang'aa.
"Mama, hii nyepesi inacheza," kasema mwenye duka.
Nikamwambia mwanangu si punda. Tukachukua nyepesi. Nimechagua mimi.

Alhamisi, 6 Julai
Nimeifumia stendi soksi tatu za miguu, uzi mwekundu, kama kitambaa cha redio. Isichubuke.

Jumamosi, 8 Julai
Kaondoka alfajiri.
Jioni. Karudi anachechemea. Stendi iliteleza juu ya jiwe lenye maji. Kaidaka kamera, kaangukia goti. Kamera nzima. Picha hakuna. Ni soksi zangu.
"Sasa kwa nini hukuzivua?"
"Si umefuma wewe, mama."
Nimelia jikoni. Mimi ndiye niliyemponza.

Jumapili, 9 Julai
Bosi kampa kesho, mara ya mwisho. Nilikuwa napika maharage. Chungu kikijaa, hakichezi mafigani. Kikiwa kitupu, kinacheza. Basi! Nimefumua soksi, nimefuma mfuko. Apande nao mtupu, mawe yako hukohuko, aujaze, auning'inize katikati ya miguu ya stendi.
Rehema kacheka. "Mama, wewe fundi!"
Nakwenda naye.

Jumatatu, 10 Julai
Kutoka Bigwa, chini ya mlima, mpaka juu, magoti yangu yanajua. Nimepiga hodi kwa mizimu, nimemwomba na Mungu. Nikakaa mlangoni pa pango. Nikaita, Rehema!
"Mama, tulia! Napiga!"
Nikatulia. Kazi ngumu kuliko kupanda.

Alhamisi, 13 Julai
Picha zimetoka. Leo Rehema hakushika ufagio.
Moja kaniletea. Mawe ya pango yananing'inia toka juu, maji yanang'aa, hakuna kilichotikisika. Mbali, kwenye mwanga wa mlangoni, kuna mtu mdogo amekaa. Ni mimi. Siku ile nilikuwa natetemeka mwili mzima. Kwenye picha nimetulia.