Mchanga wa Mahali Zakayo Alisimama

Landi ya Reli,
Nakuru.

Kwa Mama yangu mzazi,

Mama, umeamkaje huko? Ule mguu wa kushoto bado unakusumbua mvua ikikaribia? Na kuku, yule kicheche amekuachia hata mmoja? Sisi huku tuko wazima, kusema ukweli baridi tu ndiyo inatutesa, na upepo wa ziwani na lile vumbi lake jeupe. Ukianika shuka unaanua kitu kama kimepakwa unga. Mjukuu wako Rebeka tumbo limekuwa kubwa, mlango wa jikoni anapita upande upande, siku zake zimekaribia. Mume wangu ni yule yule unayemjua. Anarudi kazini, anakula, anasema asante, analala.

Na wewe mwalimu wa Jumapili unayemsomea mama, soma polepole. Herufi zikipinda usinicheke, kuandika nilifundishwa kwa darasa la akina mama hapa landi, kwa nyumba hizi za wafanyakazi wa reli, na mwalimu mwenyewe alikuwa anasinzia. Mgeuzie mama kwa lugha yetu na usiruke kitu. Hata pahali pa kulia, usiruke.

Mama, maneno yako yalifika. Mjomba alishuka treni, akanywa chai vikombe sijui vingapi, ndipo akasema. Kwamba wazee wamekaa kikao juu ya ndugu yangu Zakayo. Kwamba kwa vile ule mto wa Tanganyika ulichukua lori alilopanda na watu wote na gitaa, na hakuna mwili uliopatikana, hatuna kaburi. Basi uchotwe mchanga wa mahali alisimama alipokuwa anaanza kupiga muziki, huku Nakuru, uletwe uzikwe nyumbani pamoja na lile koti lake la zamani. Na mwenye kuubeba asiseme na mtu yeyote, tangu achote mpaka autue chini.

Nikamwambia Mjomba, "Mlikosa mtu mwingine? Mimi Dorika ninyamaze?"

Akasema, "Hata mimi niliwauliza wazee hivyo."

Tukacheka, Mama, usifikiri hatukucheka. Halafu Mjomba akaangalia kikombe, akasema tangu habari zifike wewe hufungi mlango usiku. Eti umetoa ule mti wa kukaza mlango ukauegemeza ukutani, ili Zakayo akija asikute kumefungwa. Akasema mvua inaingia, mbwa wa watu wanaingia, na wewe umelala hapo unasikiliza. Mama, pale nilishindwa kucheka. Nilitoka nje kama mtu anaenda kuangalia kuni.

Basi nikaona, kama ni kunyamaza, kwanza nimalize kusema. Siku ya kwanza nikazunguka na mdomo wangu wote, nijue ni wapi na wapi, ndipo siku ya pili nichote.

Kwanza ni hapa kwangu nyuma ya nyumba, kwa bomba la maji. Hiyo sikuhitaji kuuliza mtu. Wakati huo alikuwa kibarua kule Kariandusi, anachimba ule udongo mweupe, akija kwangu Jumamosi ni mweupe kote, macho tu ndiyo mekundu. Watoto walikuwa wanakimbia. Anaoga kwa bomba, halafu anakaa juu ya jiwe na gitaa yake ya debe, anaanza ting ting, ting ting, jambo moja hilo hilo mpaka jirani yangu mwenye kuuza mboga anapiga kelele, "Mama Rebeka, mwambie ndugu yako aimalize hiyo nyimbo au mimi nimmalize yeye!" Leo huyo huyo anaambia watu kwamba yeye ndiye alimfundisha kuimba. Wacha aseme. Alilia sana habari zilipokuja, kuliko hata mimi.

Pili ni Bondeni, hoteli ya Bwana Salim. Huyu ni mzee wa Kiislamu, babu zake walitoka pwani, mkarimu lakini anapenda kusifiwa. Ana benchi karibu na mlango, anasema hakuna anayekalia hilo benchi bure. Zakayo alikuwa anakaa hapo anapiga gitaa, wateja wakizidi anapewa chai na mandazi. "Mandazi mawili," akaniambia, "na siku ya sikukuu namwekea nyama." Nikamwambia, "Bwana Salim, ndugu yangu alikujazia hoteli, wewe unanihesabia mandazi?" Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Halafu akafanya kitu sikutaka. Alifungua gramafoni akaweka santuri ya Zakayo, ile inapigwa kila mahali sasa, hata watoto wa Wahindi wanaiimba. Mama, wewe hujaisikia. Nikwambie ilivyo. Kabla ya kuimba, kabla ya gitaa, anakohoa. Kidogo tu, kama vile baba alikuwa anakohoa akitaka kusema jambo mbele ya watu. Watu hawaisikii hiyo, wanangoja nyimbo. Mimi nilisikia hiyo tu. Nikamwambia Salim, "Zima, hiyo gramafoni yako ina mafua." Akazima.

Akanimiminia chai, ndipo akanieleza mambo ya stesheni ya polisi, mambo Zakayo alinificha. Unajua miaka hii ya hatari, saa ya kafyu ikipita ukikutwa nje ni makosa. Zakayo alikutwa, amejisahau na gitaa, akalala ndani. Asubuhi askari wakamwambia hatoki mpaka apige. Akasimama kwa uwanja wa stesheni, karibu na mlingoti wa bendera, hana viatu, akapiga mpaka askari wa zamu ya pili wakakuta wale wa kwanza hawajaenda nyumbani. Salim anasema hapo ndipo jina lilitoka. Askari wanatembea kila mtaa, na kila mtaa walienda wakiimba nyimbo ya huyo kijana wa debe. Nikamwambia, "Basi huko siendi. Kuchota mchanga kwa polisi wakati huu? Nina wazimu?"

Mwisho ni ile holi ya dansi. Siku ya kwanza walimkataza kuingia kwa sababu ya viatu, akakaa nje kwa baraza akapiga. Wenye kucheza wakaanza kutoka mmoja mmoja, wanajifanya wanatafuta hewa, mpaka ndani ikabaki bendi na viti. Mwenye kufagia alinionyesha pahali penyewe. Sasa wameweka simiti, Mama. Lakini chini ya ngazi kuna udongo, na lazima alikanyaga hapo akipanda. Nikaridhika.

Asubuhi ya pili nikaosha mikono, nikachukua leso safi, sikusema na mtu. Nikaanza kwa bomba langu, nikachota konzi moja. Jirani wa mboga akasema, "Habari ya asubuhi, Mama Rebeka." Nikapita. Akasema, "Ala! Nimekukosea nini?" Nikapita. Nyuma nikasikia akiita wengine, "Njooni muone, Mama Rebeka ameng'olewa ulimi!" Mama, maneno yalikuwa yamejaa kinywani kama maji. Nilikuwa na majibu ya kumpa, mazuri sana.

Kwa Salim nikachota chini ya benchi. Yeye nilikuwa nimemweleza, akaweka mkono kifuani tu, akawafukuza wateja waliotaka kuangalia. Kwa sababu, fikiria, mtu anachota mchanga mlangoni kwa mwenye biashara! Mahali pengine ningepigwa kama mchawi.

Kwa holi nikachota chini ya ngazi. Nikafunga leso, nikashika njia ya kurudi nyumbani, nikiona nimeshinda.

Karibu na kona ya soko askari wawili, vijana.

"Wewe mama, simama. Iko nini ndani ya leso?"

Nikanyamaza.

"Nasema iko nini?"

Nikafungua leso wenyewe waone. Walipoona ni mchanga nyuso zikabadilika. Mama, sikuwa nimefikiri. Hapo ndipo nilikosea, na wazee huko nyumbani pia hawakujua. Huku kwetu siku hizi, wenye kula kiapo cha kupigana na serikali wanashika mchanga mkononi. Ukikutwa na mchanga umefungwa kwa kitambaa, na hutaki kusema umetoka wapi na unapeleka kwa nani, wewe unafikiri watasema ni nini?

"Nani anakula kiapo? Nyumba gani?" Nikanyamaza. "Huyu ni bubu?" Na mpita njia mmoja, Mungu amsamehe, akasema, "Bubu? Huyo ndiye redio ya landi!"

Wakanipeleka stesheni. Mama, miaka yote nasema bila sababu, na siku ambayo maneno mawili yangeniokoa, nimefunga mdomo. Nilikuwa nakufikiria wewe na mlango wako. Nikasema moyoni, wacha wanifunge, nitanyamaza huko huko, leso kwa magoti.

Lakini pale uwanjani yule askari mrefu akanipokonya leso, akaishika pembe moja, akaikung'uta. Mchanga wote, Mama. Wa bomba, wa benchi, wa ngazi. Ukaanguka chini na mwingine upepo ukauchukua. Niliona kama ni yeye anaanguka majini mara ya pili, na mimi nimesimama hapo naangalia. Nikapiga kelele.

"Zakayo!"

Neno hilo moja tu lilitoka. Nikapiga magoti, nikafunika mchanga kwa mikono upepo usimalize.

Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka sajini, mtu mzima, kibao cha karatasi mkononi. "Nani anaita Zakayo?" Sikujibu. Akaja akainama, akaniangalia usoni sana. Unajua sisi watoto wako wote tuna hili pengo la meno ya juu. Nafikiri aliangalia macho yangu ndipo akaona pengo, au aliona pengo kwanza, sijui.

Akasema, "Wewe ni dada ya yule wa gitaa."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tulisikia amekufa maji."

Nikaitikia.

Akaangalia mchanga, akaangalia mikono yangu. Akauliza taratibu, "Mnampeleka nyumbani?" Huko kwao lazima wanafanya hivyo pia, maana hakuna mtu alimwambia. Nikaitikia, na machozi yakaanza. Tangu habari zifike mimi sikuwa nimelia, Mama. Nilikuwa nafanya mzaha na kila mtu, nawapikia wanaolia.

Sajini akawaambia wale vijana wazibe upepo. Wakasimama pembeni yangu na makoti yao wamefungua, wale wale walionikamata. Halafu yeye akaenda hatua kidogo mpaka kwa mlingoti, akaonyesha chini kwa kiatu chake.

"Alisimama hapa," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimemfungia ndani. Asubuhi nikamwambia apige. Chota na hapa, mama."

Nikachota hapo. Na ule ulioanguka nikakusanya, ukachanganyika na wa stesheni, sasa siwezi kukuambia ni upi ni wa wapi. Kama kuna majani ya jakaranda na kijiti cha kiberiti, usishangae. Sajini alinirudisha mpaka kwa geti la landi, askari wengine wasinisimamishe, na yeye pia hakusema neno njia yote.

Waambie wazee ukweli. Waambie Dorika alisema neno moja, na lilikuwa jina la mwenyewe. Nililia pia, sana, na sijui kama kulia ni kusema. Kama wanaona nimeharibu, waseme, nitazunguka tena. Lakini mimi naona alisikia akiitwa.

Nilitaka kuja mwenyewe, lakini Rebeka siwezi kumwacha hivi. Mume wangu ndiye analeta. Huyo hakuna haja ya kumwambia anyamaze, njia yote mpaka Butere watu watafikiri ndiyo tabia yake, na ndiyo. Barua hii iko kwa mfuko wake, mchanga uko kifuani ndani ya shati. Kama aliingia bila kuwasalimia, msikasirike, alikuwa bado hajautua. Sasa mpe uji, atasema asante.

Nisalimie Mjomba, mwambie sukari yangu imekwisha kwa ajili yake. Msalimie mke wa kaka mkubwa, na yule shangazi wa ng'ambo ya mto anayelia misiba ya watu wote, mwambie huu ni wetu, alie vizuri. Wasalimie watoto wote wanaochota maji kwako. Mwalimu, asante kwa sauti yako.

Mama, Zakayo alipenda kukaa nje, kwa bomba, kwa baraza, kwa uwanja. Sasa ameingia ndani. Mkishamlaza na koti lake, chukua ule mti ukutani, ukaze mlango wako, ulale.

Ni mimi binti yako mwenye maneno mengi,
Dorika, Mama Rebeka.