Marashi Ndani ya Monita

Jumapili, 2 Agosti

Nimefungua karakana baada ya chai. Feni mbili, na pasi ya jirani ambayo nimeshamwambia mara tatu aitupe.

Kabla ya adhuhuri Maalim Khatibu, mkuu wa kikundi chetu cha taarab, ameleta monita mbili juu ya rikwama. Monita ni zile spika zinazolala jukwaani mbele ya mwimbaji, uso juu, ili ajisikie mwenyewe. Hizi ni kuukuu, umri wa ndoa yangu.

Bi Zuhura, mwimbaji wetu mkubwa, anapotea sauti, anatoka nje ya tuni, tangu mwezi uliopita. Wenzake wanasema masikio yamezeeka. Maalim amesema nizikague spika. Zikiwa nzima, basi Jumamosi ataimba mwingine. Na Jumamosi ni harusi ya mjukuu wa Bi Zuhura. Mjukuu wake wa damu!

Nimekasirika hata nikasahau kumpa Maalim kiti.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeanza na lililo rahisi. Nyaya za nje nzima. Spika kubwa inanguruma. Twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, nimeiunga peke yake. Inalia vizuri.

Basi ugonjwa uko katikati, kwenye krosova, kibao kinachogawa sauti: nzito huku, nyembamba kule. Nimevichomoa vyote viwili. Kila kimoja kina kapasita iliyovimba. Furaha yangu! Nimebadilisha, nimepiga lehemu, nimeunga redio. Safi kabisa. Alhamdulillahi.

Rukia, mke wangu, ameniuliza nacheka na nani.

Jumanne, 4 Agosti

Mazoezi, alasiri. Aibu tupu.

Bi Zuhura ameanza vizuri. Ubeti wa pili, ala zote zilipoingia, amepotea. Nilidhani monita zimebaki na mngurumo tu, lakini sikuwa na hakika, na mtu huweza kusikia anachotaka kusikia. Maalim akasema mbele yake, "Fundi, mi spika nnazisikia. Asosikia mwengine."

Bi Zuhura ameinuka. Amekunja mtandio wake, ameaga kila mtu kwa jina, ameondoka.

Nimezirudisha karakana, nimezisimamisha mezani, nimeunga redio. Safi, kila neno. Hapo nikaingiwa na shaka. Labda kweli ni masikio. Najichukia kwa kuandika hivi.

Jumatano, 5 Agosti

Hakuna umeme tangu asubuhi. Nimekaa tu, na kukaa kunaleta mambo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliunguza amplifaya katikati ya harusi, kule mtaa wa Malindi. Nilichanganya nyaya. Ukumbi ukazizima. Wanawake wakaanza kunong'ona, mimi jasho linanitoka. Bi Zuhura akasukuma maikrofoni pembeni akaimba kwa koo lake hadi nikamaliza. Hakugeuka kunitazama hata mara moja. Watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Angenitazama tu, leo ningekuwa nauza muhogo wa kukaanga.

Kila nilichonacho kimepitia jioni ile. Mke, nyumba hii ya Ng'ambo, jina la fundi. Na jana nimemtilia shaka.

Alhamisi, 6 Agosti

Mjinga mimi! Mjinga wa kupigiwa mfano!

Karakana yangu ni finyu, kwa hiyo kila spika naisimamisha wima. Jukwaani monita inalala. Miaka yote naipima imesimama, inaenda kufanya kazi imelala. Leo nimeilaza chali. Twita ikanyamaza papo hapo. Nikaisimamisha, ikalia. Nikailaza, kimya. Ya pili, hali hiyo hiyo. Nimepiga kelele, jirani wa pasi akaja mbio akidhani nimeshikwa na umeme.

Ndani, koili, lile bunda zito la waya wa shaba, limeachia gundi. Spika ikilala, linaegemea waya wa twita, na kiungo cha ule waya kimeoza, kijani kitupu, kinaachia. Lehemu kwa juu inang'aa, chini hakuna kitu. Nimesogeza pua. Marashi!

Ikanijia. Kila harusi shangazi za bi harusi wanampigia mwimbaji marashi kwa mrashi, ile chupa ya kunyunyizia, naye akifurahi anasema zidisheni. Yanayomkosa yanaishia kwenye monita. Miaka yote hii ya kupendwa imeozesha waya.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemaliza baada ya sala. Gundi mpya, waya mpya, kitambaa chembamba nyuma ya wavu. Nimezipima zimelala, nimezigonga kwa ngumi. Zinalia.

Nilimfuata Bi Zuhura mwenyewe nyumbani. Alikuwa ameshamwambia binti yake kwamba ameacha kuimba. Amekuja mazoezini kwa kunionea huruma tu. Ameimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha amenyamaza, ameitazama monita, machozi yanamtoka.

Maalim amesimama. "Niwie radhi, Bi Zuhura."

"Nshasamehe. Anza tena, umenichelewesha."

Nami nimelia. Sioni haya.

Jumamosi, 8 Agosti

Harusi. Ameimba kama maji yanavyoteremka.

Shangazi akaja na mrashi wake, amejaza pomoni. Nikaruka nikasimama mbele ya monita nimetanua mikono. Nimerowa kuanzia kofia hadi viatu. Ukumbi mzima umenicheka, wamenipigia vigelegele, wanasema fundi naye anaolewa. Bi Zuhura hakukosa hata neno.

Jumapili, 9 Agosti

Asubuhi Bi Zuhura ameleta mkate wa kumimina, sahani tele. Alasiri nimemrudishia sahani. Hairudi tupu, Rukia ametia halua.

Nikajikaza. Nikamweleza habari ya Malindi, amplifaya, maikrofoni aliyoisukuma, na kwamba namshukuru tangu siku ile. Amenisikiliza hadi mwisho, amefikiri sana. Hakumbuki. Hana habari kabisa. Amesema huenda nilimwona mwengine.

Sikubishana. Tumekunywa kahawa, tumekula halua.

Shati la jana liko kambani. Rukia amelifua mara mbili, bado linanukia marashi.